Siku za Kumwaga Maziwa

Tiwi, 14 Januari 2024

Kwa ndugu yangu Harrison,

Natumai barua hii itakukuta umeshafungua duka na hujaanza kubishana na wachungaji. Wifi Umazi hajambo? Mguu wake unaendeleaje? Huku kwetu mwanangu Warda alijifungua tarehe 28 Desemba, mtoto wa kike, na mumewe anasema kipaji cha uso ni cha ukoo wetu, cha baba Kalama mtupu. Mimi sikioni, lakini nimenyamaza. Minazi miwili ya upande wa kisima imekauka vichwa.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Simu ya nyumba hii ni ya kila mtu: ikilia anaipokea aliye karibu. Na wewe ukipigiwa dukani husema kwa sauti mpaka ng'ombe wa mnadani wanageuka. Jambo nililo nalo silitaki masikioni mwa watu. Barua nimempa Issa, yule anayekuja kuuza nazi Samburu siku za mnada. Nimeifunga kwa gundi na utepe juu yake. Ukikuta imefunguliwa, nieleze.

Naumwa tangu mwezi wa tano mwaka jana. Tumbo. Lilianza tu, na sikuwaambia watu, nikidhani litapita. Naenda chooni mara kumi, mara kumi na tano kwa siku, na mara nyingine sifiki. Nimepungua kilo kumi na nne. Daktari mmoja wa Mombasa amepata jina la kijidudu kinachonisumbua na amenipa dawa yake mara tatu. Kila mara napona wiki mbili, kisha kinarudi. Mara ya mwisho aliniambia kwa utaratibu kwamba nikiendelea hivi mwili wangu hautafika mwisho wa mwaka.

Imebaki tiba moja. Si damu wanayotaka, wala figo. Daktari anataka mtu wa damu yangu, mzima, asiyeishi nyumba hii, atoe kitu kitiwe ndani yangu kwa mpira. Nimeliandika neno lenyewe mara tatu nikalikata. Ni choo, Harrison. Haja kubwa ya mtu mzima. Wanaichanganya na maji ya chumvi, wanaichuja, wanaiingiza kwa njia ya nyuma nikiwa nimelazwa usingizi. Warda alipimwa kwanza na kukutwa naye amebeba kijidudu hicho hicho, ingawa haumwi. Nimebaki na wewe tu.

Kama huwezi, usinijibu. Nitaelewa, wala sitauliza.

Mimi dada yako,
Hafsa


Samburu, 30 Januari 2024

Kwa dada yangu Dama,

Shikamoo. Najua wote wanakuita Hafsa tangu uliposilimu ukaolewa, lakini mkono wangu haujazoea na sasa ni mzee wa kujifunza. Mguu wa Umazi umepona, anakusalimu sana. Kaburi la baba tumelizungushia miba upya kwa sababu mbuzi walikuwa wanaingia. Mpe Warda hongera. Kipaji hicho kikiwa kweli cha baba, mtoto atakuwa mbishi.

Barua yako nilikabidhiwa tarehe 18, saa tano asubuhi, haijafunguliwa. Nimekaa siku kumi na mbili bila kukujibu. Jibu niliandika siku ile ile, nikalichana. Kesho yake vivyo hivyo. Si kwamba nilikuwa nakataa. Nilikuwa natafuta namna ya kuuliza.

Wewe unajua mimi nauza dawa za mifugo mwaka wa ishirini na mbili. Nimeuza kila kitu cha kuingia na cha kutoka tumboni mwa ng'ombe, lakini hiki sijakisikia. Nilikiweka kwenye daftari langu la kila siku kwa maneno mengine, maana Umazi huwa anapangusa vumbi mezani.

Nitakuja. Hilo liweke pembeni, limekwisha. Ninalouliza ni hili: watu wako wa Tiwi wanajua kitatoka kwa nani? Wewe ni mwosha. Wanawake wa vijiji vile, akifa mmoja, mikono yako ndiyo ya mwisho kumgusa. Mimi ni mtu wa pombe ya mnazi kila jioni, na nyama ya mnadani nisiyejua nani kaichinja. Kitu changu kiingie mwilini mwako, halafu uende ukamwoshe mtu aende kwa Mola wake? Marehemu shemeji Mbwana aliniheshimu sana, Mungu amrehemu, lakini mipaka yangu katika nyumba ile niliifahamu tangu harusi ya Warda.

Hilo sikusudii kulizungumza. Niandikie tarehe tu.

Ni mimi mdogo wako,
Harrison Kalama


Tiwi, 8 Februari 2024

Ndugu yangu Harrison,

Marahaba, na Mungu akuzidishie. Barua yako niliisoma nimejifungia ndani, na Warda akagonga mlango mara mbili akidhani nimeanguka. Mtoto ameitwa Mwanamkuu. Analala mchana kutwa kama aliyetoka safarini.

Tarehe ni 13, Jumanne, asubuhi. Siku hiyo utapimwa tu, damu na choo, na utajaza fomu ya maswali. Ukionekana mzima, kazi yenyewe itakuwa tarehe 5 Machi, kabla Ramadhani haijaingia. Warda atakungoja kivukoni Likoni upande wa kisiwani, umfuate.

Umeuliza kuhusu watu wangu. Nilimwendea shekhe, nikakaa nyuma ya pazia nikamweleza. Akasema dharura ina hukumu yake, na mgonjwa asiuue mwili wake kwa kuona haya. Zaidi ya shekhe na Warda anayejua ni Ummi peke yake, mwenzangu wa kuosha. Yeye alicheka mpaka akakaa chini, halafu akalia. Kuhusu harusi ya Warda, sikuelewa ulichokusudia.

Daktari anasema tumboni mwa mtu mzima kuna wadudu wema wasiohesabika, kama mji. Kwangu mji umehamwa, amebaki mwizi mmoja anayetawala nyumba zote. Wako wakiingia watamfukuza. Ndivyo alivyosema.

Nikueleze na hili, maana wewe ndiye umetaja kazi yangu. Wiki iliyopita alifariki jirani yangu Bi Mejumaa. Tulikuwa tumeahidiana miaka mingi kwamba atakayebaki atamwosha mwenziwe. Walipokuja kuniita nilisema naumwa kichwa. Nilikaa uani juu ya jamvi nikisikia maji yakimwagwa upande wa pili wa ukuta, na sikuwa na uhakika na tumbo langu hata kwa muda wa kumgeuza ubavu mmoja. Wanawake walipotoka walinitazama.

Njoo, Harrison.

Hafsa


Tiwi, 20 Machi 2024

Ndugu yangu Harrison,

Sisi sote wazima, na leo neno hilo naliandika kwa maana yake. Warda anakusalimu, na mumewe amekuwekea mbegu za mihogo ile mitamu uliyoisifu siku moja. Leo ni mfungo wetu wa tisa na mimi nimefunga yote.

Siku kumi na tano sasa tangu ile tiba. Siku ya tatu nililala usiku mzima nikaamka kwa hofu, nikidhani nimekufa. Naenda chooni mara moja, asubuhi, kama mtu. Nimekula wali na samaki na havikunigeuka. Wiki iliyopita nilimwosha mwanamke wa Magodzoni pamoja na Ummi, mwanzo mpaka mwisho.

Nilitaka kukushukuru siku ile lakini nilipoamka ulikuwa umeshaondoka. Warda anasema ulikaa kwenye benchi la hospitali na mfuko wako mapajani kama mtu aliyekuja kupokea hukumu. Anasema alikununulia chai ukakataa, ukasema umeshakunywa njiani. Nani alikupa chai njiani saa kumi na moja alfajiri?

Daktari ameandika jina lako kwenye faili langu. Mimi nimekutaja katika kila sala.

Hafsa


Samburu, 2 Aprili 2024

Kwa dada yangu Dama,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mvua zimeanza, kupe ni wengi na duka limejaa watu, kwa hiyo naandika kwa ufupi.

Nimefurahi kusikia hali yako. Usiniandikie tena shukrani, tafadhali. Mbegu za mihogo mpeni mtu mwingine, hapa hazitashika.

Ukipata badiliko lolote la tumbo, hata dogo, nenda kwa daktari siku hiyo hiyo. Usisubiri.

Harrison


Tiwi, 23 Aprili 2024

Ndugu yangu Harrison,

Salamu kwako na kwa Umazi. Tulisherehekea Idi vizuri, watoto walipata nguo. Mvua hapa imeezua paa la banda la kuku na njia ya kisimani ni tope tupu.

Kimerudi.

Ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani. Tuliitwa mimi na Ummi kumwosha bibi mmoja mtu mzima, mtu wa heshima, na binti zake wawili walikuwa ndani nasi wakishika pazia. Nilikuwa nimemaliza upande wa kulia. Tumbo likanikata, na kabla sijafika mlangoni ikawa imekwisha kuwa. Mbele ya maiti, Harrison, na mbele ya binti zake. Ummi alichukua kata akanimwagia maji miguuni kama anayeendelea na kazi, akanifunga kanga yake kiunoni, akanipitisha nje. Kazi aliimaliza peke yake.

Tangu siku hiyo sijatoka uani. Binti wale hawajasema, najua, lakini mimi nikisikia hodi naingia ndani.

Daktari ameshangaa. Anasema walio wengi hupona mara ya kwanza. Akaniuliza kama ndugu yangu alikunywa dawa yoyote kabla ya siku ile. Nikamwambia ndugu yangu ana daftari anamoandika hata saa aliyokata kucha, na mtu wa namna hiyo hawezi kusema uongo kwenye fomu. Akasema basi tutajaribu kwa mtu mwingine, ila kumpata na kumpima itachukua muda.

Mimi nadhani sababu naijua, na si wewe. Kuna jambo nililitenda na halijasamehewa. Usiniulize.

Hafsa


Mombasa, hospitalini, 19 Mei 2024

Harrison,

Umazi hajambo? Barua yangu Issa anasema alikukabidhi mkononi kabla mafuriko hayajakata barabara ya Kinango. Sasa barabara imefunguliwa na anasema alikukuta tena dukani, ukamuuliza bei ya nazi, ukageuka.

Nimelazwa siku ya sita. Ninapewa maji kwa mshipa. Mtu mwingine wa kutoa hajapatikana. Wawili walipimwa wakaonekana hawafai. Sikuombi kitu. Nataka tu kujua kama nimekukosea.

Hafsa


Samburu, 3 Juni 2024

Kwa dada yangu Dama,

Shikamoo. Umazi ni mzima. Mbuzi wetu wawili wamezaa mapacha. Warda alinipigia tarehe 24 kwamba umerudi nyumbani na umeweza kukaa. Nilimwambia ahsante nikakata simu, na nadhani aliniona mtu wa ajabu.

Hujanikosea. Hapa chini nimenakili kurasa za daftari langu kama zilivyo. Nimejaribu kuieleza habari hii kwa njia nyingine nikaona kila njia ninajitengenezea nafuu.

"Alhamisi 29 Februari. Nimekunywa chumvi ya haluli ya kuharisha saa kumi na mbili asubuhi. Imefanya kazi mpaka saa tano. Duka nimefungua saa sita. Mnazi nimeacha.

"Ijumaa 1 Machi. Dawa ya minyoo. Tena antibayotiki, vidonge vya rangi mbili kutoka duka la dawa la karibu na kituo, viwili asubuhi, viwili jioni. Nyama nimeacha.

"Jumamosi na Jumapili. Vidonge kama jana. Uji mtupu.

"Jumatatu 4 Machi. Vidonge vya mwisho saa mbili usiku. Nimeoga maji ya mwarobaini. Najiona safi. Kesho nitampa dada kitu kisichomwaibisha.

"Jumanne 5 Machi. Mombasa. Nesi aliuliza: 'Tangu tulipokupima, umetumia dawa yoyote?' Nikasema hapana."

Mnyama hatolewi kwenda kwa mtu mwingine bila kunyweshwa dawa. Hiyo ndiyo kazi yangu. Mtu akileta mbuzi wa mahari dukani, humnywesha kwanza ili asimpelekee mkwewe minyoo. Nilifikiri hivyo hivyo. Fomu ya kwanza ilikuwa ya Kiingereza, maswali arubaini, mengine ya mambo ya wanawake na ya jela, nikaona haya nikaweka alama ya hapana mpaka chini bila kusoma. Ulikuwa umeniandikia kuhusu wadudu wema, lakini sikuamini. Katika miaka ishirini na mbili sijawahi kuuza dawa ya kuwaongeza.

Nesi alipouliza, Warda alikuwa amesimama pale na mtoto kifuani. Nilijua hilo swali halikuulizwa bure. Lakini ningesema nini mbele ya mtoto wako? Kwamba mjomba wake alijiona mchafu akajisafisha?

Kesho yake nilikuwa dukani. Akaingia mchungaji anaitwa Mwinga, anataka sindano ya oksitetra, nayo ni antibayotiki, kwa ng'ombe mwenye kiwele kibovu. Nikampa, nikamwambia kama ninavyomwambia kila mmoja: maziwa ya siku saba yote yamwagwe chini, kwa kuwa dawa bado imo ndani ya mnyama.

"Hata nikiyachemsha?"

"Hata ukiyachemsha."

"Hata kama ng'ombe amepona na anaonekana mzuri?"

Nikamwambia hata akionekana mzuri. Alipotoka niliketi juu ya gunia la chumvi. Miaka yote hiyo nimewaita wachungaji wajinga kwa sababu hawangoji siku zao. Nami nilikupelekea maziwa ya sindano, dada. Nilikuwa nimewaua wale wadudu wote kabla hawajafika kwako, na dawa juu yake.

Ningepiga simu siku ile. Sikupiga. Halafu ikaja barua yako ya kupona, nikajiambia labda walibaki wa kutosha. Nilikuomba usinishukuru. Ndilo jambo la pekee la kweli nililoandika mwezi ule.

Barua yako ya Aprili nilipoisoma, ile ya yule bibi, nilifunga duka siku mbili. Kisha nikapiga simu hospitalini bila kutaja jina, nikauliza mtoaji aliyekunywa antibayotiki angoje muda gani. Wakasema miezi mitatu. Nikahesabu tangu tarehe 4 Machi. Nikasema sitakwenda kukiri mikono mitupu, nitangoja niwe na kitu cha kukupa. Kila siku niliandika namba. Uliponiandikia kutoka hospitalini namba ilikuwa sabini na sita, nikaandika sabini na saba kesho yake.

Jana zimetimia tisini. Sijanywa hata kidonge cha kichwa. Barua hii ningeweza kuileta mwenyewe lakini sina uso.

Umeniuliza zamani nilikusudia nini kuhusu harusi ya Warda. Nilifika kwa lori la mkaa na nilikuwa nimepita mahali nikanywa mnazi. Ulinipa chai katika kikombe cha maua ya buluu. Asubuhi nilikwenda nyuma ya nyumba kutupa maganda, nikakikuta kikombe kwenye jalala. Hakikuwa kimevunjika. Sikukuuliza na sikuandika kwenye daftari. Lakini nilipokuwa nakunywa ile haluli, dada, kikombe hicho ndicho nilichokiona.

Utakalosema nitalipokea.

Harrison Kalama


Tiwi, 10 Juni 2024

Ndugu yangu Harrison,

Hongera kwa mapacha wa mbuzi. Mwanamkuu ameanza kukaa. Mimi nakaa kitako kwa mto mgongoni, na Ummi ndiye anayenipikia uji kwa sababu wa Warda una chumvi.

Barua yako niliisoma nikaitupa chini. Ilikaa chini siku nzima, kuku akaikanyaga. Jioni nikaiokota.

Nianze na hasira, ili tuitoe njiani. Ungesema Machi, daktari angenitazama upya Machi. Ungesema hata ilipofika ile barua ya Aprili. Siku zile ulizokuwa ukiziandikia namba, mimi nami nilikuwa nazo. Tarehe 18 Mei Warda aliulizwa na nesi kama familia yote iko karibu, akatoka nje ili nisimwone uso. Kwako hiyo ilikuwa sabini na tano. Ulitaka uje na kitu mkononi. Mimi nilikuwa nataka sauti tu. Hilo nimekasirika nalo na bado halijaisha, na sitakudanganya kwamba limeisha.

Sasa langu.

Kikombe nilikitupa mimi. Si Mbwana, wala mama yake. Nilikiosha mara saba mpaka kikang'aa. Halafu nikageuka nikaona mashemeji zangu wamesimama mlangoni wananitazama nitakiweka wapi. Nikatoka nacho nje. Mbwana aliniuliza usiku kile kikombe cha buluu kiko wapi, nikamwambia kimevunjika. Nimeosha wanawake wasiopungua mia mbili, Harrison. Najua kilichomo ndani ya mtu, kwa kuwa kinatoka mikononi mwangu nikimminya tumbo kwa upole. Wacha Mungu na wasiomcha, wote wanatoa kile kile, na sijawahi kumkunjia uso hata mmoja. Nikaogopa kikombe cha ndugu yangu.

La pili ni baya zaidi. Nilikuandikia kwamba ugonjwa ulianza tu. Haukuanza tu. Niling'olewa jino, shavu likavimba, nikanunua vidonge vya rangi mbili pale barabarani. Nikamaliza, nikanunua vingine, nikaomba vya jirani vilivyobaki. Mwezi mzima. Daktari aliniambia waziwazi kwamba vidonge ndivyo vilivyouhamisha mji, na mwizi akabaki. Nilijua hayo kabla sijashika kalamu kukuandikia. Nilikuficha kwa sababu mdogo wangu anauza dawa, na niliona haya akijua nilijiua mwenyewe kwa dawa za kununua bila cheti. Ningekuandikia mstari mmoja tu, usingevigusa vile vidonge. Mstari mmoja. Kwa hiyo ukihesabu makosa katika daftari lako, hesabu na hilo, na uandike tarehe: 14 Januari.

Daktari nimemwambia yote, kwa mdomo wangu, Warda akiwa amekaa pale pale. Hakukasirika kama nilivyokuwa nataka akasirike. Alisema utapimwa upya tarehe 19 Juni, Jumatano baada ya Idi, na safari hii utaulizwa maswali kwa Kiswahili na mlango ukiwa umefungwa. Ukionekana sawa hawatangoja.

Amekataza usilale kwangu, usije ukachukua kijidudu changu. Mchafu wa safari hii ni mimi. Utalala kwa Ummi, amekutandikia kitanda cha chumba cha mbele. Anakuonya kwamba atacheka.

Kutoka leo mpaka siku hiyo usinywe haluli. Usinunue kidonge cha aina yoyote, hata wakikupa bure. Usioge mwarobaini. Kula ulivyozoea kula, na mnazi sikuambii uache wala uongeze. Nakutaka ulivyo.

Jumanne jioni nitapelekwa kwa Ummi kukungoja barazani. Nimemtuma Warda anunue kikombe kimoja cha maua ya buluu. Wewe utakunywa kwanza, unibakishie nusu, nami nitaimaliza mbele ya Warda na mbele ya yeyote atakayekuwa amepita njia. Tafadhali usije ukasema umeshakunywa njiani.

Dada yako,
Dama